Upande Wako wa Kulia

Machakos
Jumapili, 4 Mei 2003. Asubuhi ukungu mzito. Vilima vya Iveti havikuonekana mpaka saa tatu. Manyunyu saa tano. Mchana baridi, bila mvua.

Mwende mwanangu,

Nimesikia kitanda chako kikilia ulipogeuka. Najua umelalia ubavu wa kulia, sikio zima likiwa ndani ya mto, kwa hiyo hata nikiangusha sufuria hutaamka. Ndivyo ulivyolala tangu utotoni. Unazima dunia kama mtu anayezima taa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za watu wa kuwaepuka. Sanduku tumelipanga pamoja na orodha nimeibandika ndani ya kifuniko, kila kitu nimekitia alama. Raba zako ziko juu kabisa. Uliniuliza kwa nini raba ziwe juu ya vitabu, nikakujibu ni kwa sababu zina matope. Hazina matope. Nilizifua Ijumaa.

Nina jambo moja tu, na nimelizunguka kwa miaka kumi na mitatu. Nikianza nalo moja kwa moja nitaichana karatasi hii kama nilivyochana mbili za jana, kwa hiyo niruhusu nianzie karibu.

Alhamisi tarehe tatu Aprili, wiki ile ya mwisho kabla shule hazijafungwa, mvua ilianza saa nne na wewe ulikuwa umeacha mwavuli nyuma ya mlango. Nilikuletea. Nilifika kwenye darasa la pili unalofundisha, nikasimama dirishani nikingoja umalize. Nilikuwa najivunia. Mtoto wangu, bado hajaenda chuo, tayari wanamwita mwalimu. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo karibu na ukuta, sweta yake imetoboka kiwiko. Alikuwa amemwaga wino, au uji, sikuona vizuri. Nilichoona ni mkono wako.

Serikali imekataza viboko, najua, na hukuwa na kiboko. Ulikuwa na kiganja. Kiliinuka kikashuka kabla hata uso wako haujabadilika. Yule mtoto hakulia. Alishika sikio lake akakutazama kama mtu anayesubiri aambiwe kilichotokea.

Niligeuka na mwavuli wangu. Nilirudi nyumbani nikinyeshewa, mwavuli umefungwa mkononi. Nilitoa kinu nje chini ya mabati, nikatwanga mahindi mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Ulipofika ulikuta beseni tatu zimejaa.

"Mwaitu, muthokoi wote huu ni wa harusi ya nani?"

"Ya kwako," nikasema.

"Basi mnitafutie na bwana arusi, haya mahindi yasioze."

Ulicheka, ukaingia ndani kubadilisha nguo. Mimi nilibaki nimeshika mchi. Mkono ule niliouona dirishani niliujua, Mwende. Nimeishi nao.

*

Kinu kile kilikuwa cha nyanya yako, huko Ndithini. Mimi nilikuwa mtoto wa kununa. Nikiwa na miaka kumi, dada zangu wakinitania kidogo tu mashavu yanavimba na mikono inatafuta kitu cha kurusha. Mama hakunipiga wala hakunibembeleza. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye kinu.

"Nenda ukayaambie mahindi."

Nilikuwa nikienda. Mahindi ya muthokoi, wewe unajua, hayatoki maganda kwa kubembelezwa. Unatia maji kidogo, unatwanga, unapepeta, unatwanga tena. Jasho linaanza mgongoni. Mwanzo kila pigo lina jina la mtu. Baadaye majina yanaisha, inabaki mdundo. Nikimaliza, chakula kipo na mimi siwezi kukumbuka vizuri tuligombania nini. Majirani wakisikia mchi wetu saa zisizo zake walikuwa wakisema, "Leo yule msichana amekasirishwa."

Niliona ni adhabu. Nilijiambia nikipata elimu na mshahara, nitanunua muthokoi uliokobolewa kwa mashine na sitashika mchi tena. Nikafanya hivyo hasa. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na baba yako, na mwaka ule uliozaliwa wewe tukapanga chumba Mlolongo. Baba yako alikuwa bandarini Mombasa, akija mwisho wa mwezi. Mimi nilipata ukarani kwenye machimbo ya mawe. Kibanda cha bati, meza, kiti. Saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili nilikaa nikiandika namba za malori. Madereva walikuwa na midomo: "Karani, andika haraka, ama kalamu inaogopa wino?" Nilikuwa nikiwajibu kimoyomoyo mchana kutwa, kisha nikanunua unga uliosagwa tayari, nikarudi nyumbani nikaketi tena. Mwili haukufanya kitu chochote, na bado nilikuwa nimechoka kama punda wa maji. Usiku silali. Asubuhi niko na hasira kabla sijajua siku gani.

Hapa ndipo ninapotaka kuikimbia karatasi.

Unajua nina madaftari ya tarehe tangu niko shuleni. Kila siku, hali ya hewa, nilichofanya, aliyekuja. Umenicheka sana kwa ajili yao. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisema mama anaandikia Mungu ripoti. Madaftari hayo yote, Mwende, yana uongo mmoja. Uko kwenye ukurasa wa Jumatano, tarehe 19 Septemba 1990. Nimeandika: "Jua kali, upepo wa vumbi. Mwende anaumwa sikio."

Ukurasa wa Jumanne, siku iliyotangulia, sikuandika kitu.

Jumanne ile nilitoka machimboni dereva akiwa amenitukana mbele ya watu. Ulikuwa na miaka sita. Ulitaka kunisaidia kuwasha jiko, ukamwaga mafuta ya taa, yakaingia kwenye unga wote uliokuwa umebaki. Ulikuwa umeshika kibuyu cha mafuta kwa mikono miwili na unanieleza, ulikuwa bado katikati ya neno. Nikakupiga kofi. Kwenye sikio la kushoto. Kwa nguvu zote za mtu aliyekaa siku nzima.

Hukulia. Ulishika sikio ukanitazama.

Usiku ule kulikuwa na damu kidogo kwenye mto, nyembamba kama uzi. Asubuhi nilikupeleka kwa nesi. Akauliza, "Limeanza lini?" Nikasema, "Alikuwa na homa." Akaandika homa. Akanipa dawa ya matone. Hakuna aliyeniuliza tena, na homa ile ikawa kweli. Walimu wako niliwaambia homa. Baba yako nilimwambia homa, na alikufa akiamini ni homa. Nawe umekua ukiwaambia wenzako, "Sikio hili lililiwa na homa nikiwa mdogo," na mimi nimekaa hapo hapo nikimenya viazi.

Haikuwa homa, Mwende. Ilikuwa mimi.

*

Nimeinuka nikazunguka meza. Sasa naendelea.

Usifikiri nilibadilika siku ile. Niliogopa, hilo tu, na woga haukunifundisha chochote. Niliacha kukupiga kichwani, nikawa napiga meza, nikawa napiga kelele. Baba yako alipofariki tukahamia hapa kwenye ploti aliyotuachia, nikapata kazi ya kuandika risiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kiti kingine. Februari 1997 nikaanguka dukani, wakanipeleka zahanati, nikapimwa presha. Daktari alikuwa kijana, shati lake limekunjwa mikono.

"Mama, hii presha ni ya mtu wa miaka thelathini na minane kweli? Unafanya kazi gani?"

"Karani."

"Unatembea?"

"Nikitembea ni nani ataandika?"

"Unalala?"

"Nafunga macho."

Akaacha kuandika. "Na hasira je?"

"Daktari, niko hapa kwa presha ama kwa kesi?"

Akacheka, lakini hakuliacha. Aliniuliza nilifanya wapi kazi zamani, nikamwambia machimboni, na malori. Basi akageuza kadi yangu, akachora kitu kama kiazi kitamu kilichokunjamana.

"Huu ni ubongo. Ona, huku ndani chini kuna kijisehemu kama punje ya harage. Hiki kazi yake ni kupiga honi. Hatari! Hatari! Kinapiga kabla wewe mwenyewe hujajua umekasirika. Na hapa mbele, nyuma ya paji la uso, ndipo breki ilipo. Breki ni ya polepole, halafu inachoka. Usipolala, imechoka. Ukikaa na mawazo siku nzima, imechoka."

"Na dawa yake?"

"Ya presha nitakupa, na utaimeza kila siku, si siku unayojisikia vibaya tu. Ya breki iko miguuni. Tembea mpaka jasho litoke, siku nyingi za wiki. Moyo ukienda mbio, damu inafika huko juu, na mwili unatoa kitu ambacho kwa ubongo ni kama mbolea kwa mahindi. Lakini mama, mbolea haioteshi mahindi siku unayoimwaga."

"Hasira itaisha?"

"Hapana. Hasira ni injini, ukiing'oa lori halitafika popote. Utapata nafasi tu. Kati ya kukasirika na kuinua mkono kuna nafasi ndogo sana. Inakuwa kubwa kidogo."

Sikuwa nimemwambia habari za mkono. Aliusema tu, kama mfano. Mimi niliweka mikono yangu chini ya meza.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka kinu. Mama yangu hakuwahi kuona picha ya ubongo maishani mwake.

Unakumbuka nilivyoanza. Nilikuwa na bidii ya mjinga. Asubuhi ya kwanza nilitoka saa kumi na mbili kasoro, kanga kiunoni juu ya suruali ya baba yako, nikakimbia. Sikupita nyumba ya tatu. Mzee Mutunga akachomoka na panga.

"Amepita wapi?"

"Nani?"

"Mwizi!"

"Hakuna mwizi, Mzee. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Umeandikwa jeshi?"

Nyuma yake wakatoka watu wanne na rungu, na mbwa. Ilibidi nisimame niwaeleze wote presha yangu barabarani. Kufika saa sita, dukani wakawa wanasema nakimbia kwa sababu nimepata mchumba. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa natembea, maana mwanamke anayetembea haraka akiwa amebeba kyondo, kama anayekwenda sokoni, haulizwi chochote. Kyondo kilikuwa kitupu.

Lakini kosa langu halikuwa kukimbia. Kosa ni kwamba nilingoja hasira ije ndipo nitoke. Nilikuwa nikipandisha kilima huku nikigombana na watu kichwani, nikiwajibu, nikiwashinda, na nikirudi nimewaka zaidi ya nilivyotoka. Ni kama kutafuta breki lori likiwa limeshaanza kuteremka. Ndipo nikaanza kuweka alama pembeni mwa daftari, kama ninavyofanya kwa mvua. M kwa siku niliyotembea au kutwanga, H kwa siku ambayo hasira ilinishinda. Kwa miezi ya mwanzo herufi hizo zilipandana ovyo. Baadaye, nilipoanza kutoka kila asubuhi hata kama moyo umetulia, hata kama sina sababu, H zikaanza kuwa mbali mbali. Hazikuisha. Nenda kasome mwenyewe, madaftari yako chini ya kitanda changu na leo nimeyatoa kwenye kufuli.

Kuna ukurasa mmoja wenye M na hauna H, na ningependa uuone. Julai 1999. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulirudi giza limeingia, ukasema mlikuwa na masomo ya jioni, na mimi nilikuwa nimekutana na mwalimu wako sokoni saa kumi. Nikakwambia unadanganya. Ukaweka mikono kiunoni.

"Kwani wewe hujawahi kudanganya?"

Mkono uliinuka, Mwende. Asubuhi nilikuwa nimetembea saa nzima na bado uliinuka, usije ukadhani haya ni maji ya baraka. Nawe ulifanya kitu ambacho sidhani unakikumbuka. Uligeuza kichwa. Ulinipa sikio la kushoto. Ulificha lile zima, ukanitolea lile bovu, kama mtu anayetoa sahani iliyokwisha pasuka.

Katika nafasi ile ndogo niliona. Mkono ukabaki juu. Nikauteremsha polepole nikaufungia ndani ya kwapa. Nikatoka. Nilipanda kilima usiku ule mpaka nikaona taa za mji wote, nikarudi viatu vimelowa umande.

"Mwaitu, ulikuwa wapi?"

"Kutembea."

"Saa hizi? Mzee Mutunga atakukata na panga."

Umenisamehe mengi kwa mzaha.

Siku ile ningekwambia. Badala yake nilijiambia kwamba mkono umekwisha kujua kusimama, kwa hiyo yaliyopita yamekwisha. Nilidhani nikitembea vya kutosha nitafika mbali na ile Jumanne. Nimetembea miaka sita. Wiki iliyopita ukanijia na fomu ya afya ya chuo, ukaniuliza, "Hapa kwa masikio, sababu niandike nini?" Nikajibu kabla hujamaliza swali. "Homa." Haraka vile vile kama kofi. Nikatambua kwamba breki yangu imejifunza mkono tu, mdomo bado.

Kesho kutwa utaanza kufundishwa kuwa mwalimu. Baada ya miaka miwili utapewa darasa, watoto hamsini, kelele, wino uliomwagika, na kiti cha kukalia. Utachoka. Hutalala. Ile punje ya harage ndani ya kichwa itapiga honi, maana umekulia mbele ya honi yangu, umeisikia kwa sikio moja na kwa mawili. Sikwambii wewe ni mtu mbaya. Nakwambia nilichokiona dirishani, kwa sababu mimi hakuna aliyesimama dirishani kwangu. Yule msichana mwenye sweta iliyotoboka, ulimtazama sikio? Najua hukufikiri. Mimi pia sikufikiri. Shule zikifunguliwa nitakwenda kwao niulize anasikiaje, na nitakuandikia jibu lolote nitakalopata, zuri au baya.

Raba ziko juu kwa sababu hiyo. Sijui kama huko kuna kilima. Usingoje ukasirike.

*

Sasa hili la mwisho. Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi, uikute ukiwa mbali, unichukie huko huko na mimi nisione. Saa tano nilifungua sanduku nikaziweka kurasa zilizokuwa tayari, nikafunga. Nikakaa nikiitazama kufuli. Baada ya ule wa daftari na ule wa fomu, huo ungekuwa uongo wa tatu. Nimezitoa.

Utaikuta mezani, chini ya kikombe chako. Kando yake nimeweka ile fomu. Neno "homa" nimelikata kwa mstari mmoja, na kalamu iko juu yake. Nafasi iliyobaki ni yako, andika unachotaka, hata jina langu. Utaisoma ukinywa chai, na mimi nitakuwa nje na kinu. Sitaingia mpaka uniite.

Kutoka hapa mpaka stendi ni dakika arobaini kwa miguu, na sanduku lina mipini miwili. Tangu ukiwa na miaka sita nimetembea upande wako wa kulia. Barabarani, kanisani, kwenye mazishi ya baba yako. Uliwahi kuniuliza, nikakwambia ni mazoea ya Kikamba. Hakuna mazoea kama hayo. Ni upande unaosikia.

Kesho sitachagua. Shika mpini wako kwanza, mimi nitashika utakaobaki. Ukiniweka kulia, tutazungumza. Ukiniweka kushoto nitaelewa, na nitalibeba sanduku hivyo hivyo mpaka stendi, bila kusema neno.

Mwaitu

Saa nane kasoro dakika kumi. Mvua haijanyesha. Naenda kulala.